Linki za databesi ndani ya stendibai ya kusoma tu: zitumie hivi usije ukaharibu upande wa pili

Kuna kitu kimoja nataka kila anayeshika databesi ya Oracle akielewe kabla hajaandika hata kwerii moja. Stendibai ni nakala ya databesi kuu, yani praimari, inayokaa pembeni tayari kuchukua kazi, na linki ni njia iliyohifadhiwa ndani ya databesi moja ya kuingia databesi nyingine. Ile "kusoma tu" ya stendibai inailinda stendibai yenyewe, basi. Haivuki linki. Ukiwa ndani ya stendibai ukaandika INSERT kwenye jedwali la hapohapo utapigwa ORA-16000 (kosa la kuandika kwenye databesi ya kusoma tu) papo hapo, lakini INSERT ileile ukiielekeza kwenye jedwali lililo nyuma ya linki, na akaunti ya huko ina ruhusa, mzigo unaingia kama kawaida na hakuna kengele inayolia. Na hiyo sio hitilafu, Oracle wameiruhusu makusudi, kwenye vitu vinavyokubalika juu ya stendibai iliyofunguliwa kusoma wametaja kabisa kwamba unaweza kuandika kwenye databesi nyingine kwa kupitia linki.

Mimi hili nilijifunza kwa maumivu. Sehemu niliyokuwa nafanya kazi zamani tulikuwa na praimari moja na stendibai moja, siku moja tukaigeuza stendibai kuwa snapshot standby, yani stendibai inayoandikika kwa muda, ili watu wa majaribio wafanye zoezi la kufunga mwezi kwa data halisi, wakaendesha prosija yao (programu iliyohifadhiwa ndani ya databesi), saa 10 jioni tukairudisha kuwa stendibai ya kawaida, flashback, kile chombo cha kuirudisha databesi nyuma, ikafuta kila walichokifanya, tukaenda nyumbani. Asubuhi yake mama mmoja wa uhasibu akapiga simu, "Mdogo wangu, hebu njoo uangalie hapa, mbona mwezi umeshafungwa na leo ni tarehe 20?" Nikaenda nikakuta rekodi zimo kwenye databesi ya kweli ya uhasibu, na saa zake zinasoma jana mchana. Ile prosija mwishoni ilikuwa inapeleka muhtasari kwa linki. Huku kwetu kila kitu kilikuwa kimesafishwa na kurudi nyuma, kule hakuna kilichorudi, maana flashback ya databesi moja haijui chochote kuhusu databesi nyingine. Ilituchukua siku mbili kuzitoa zile rekodi moja moja, na yule mama alikaa na sisi muda wote na karatasi zake.

Kwa hiyo haya ninayoandika hapa ndo utaratibu ninaoufuata tangu siku ile. Nazungumzia Oracle Data Guard, mfumo wa Oracle wa kutunza stendibai, yenye stendibai ya fizikia, iliyofunguliwa kusoma huku inaendelea kupokea na kupachika redo (kumbukumbu za mabadiliko ya praimari), yani Active Data Guard, ambayo ilikuja na 11g mwaka 2007 na inalipiwa leseni yake pembeni, hakikisha mnayo kabla ya kufungua.

Hatua ya 1: jua umesimama wapi

Usiamini jina la seva, usiamini rangi ya dirisha lako la SQL. Uliza databesi yenyewe:

SELECT db_unique_name, database_role, open_mode FROM v$database;

Unachotaka kuona ni PHYSICAL STANDBY na READ ONLY WITH APPLY. Ukiona READ ONLY peke yake ujue redo haipachikwi kwa sasa, data unayosoma imeganda. Ukiona SNAPSHOT STANDBY simama kwanza, ruka uende hatua ya mwisho huko chini, maana hiyo databesi inaandikika na linki zake zote ni za kweli.

Angalia pia hii:

SHOW PARAMETER adg_redirect_dml

Kuanzia 19c stendibai inaweza kupokea DML yako (INSERT, UPDATE, DELETE) ikaisukuma kwenda kufanyika praimari. Kwa kawaida imezimwa, FALSE, lakini mtu akiiwasha basi hata ile ORA-16000 uliyokuwa unaitegemea kama ukuta haipo tena kwa INSERT za kawaida. Na sio lazima iwashwe kwa mfumo mzima, sesheni moja inaweza kujiwashia yenyewe kwa ALTER SESSION.

Hatua ya 2: toa orodha ya linki zote uzigawe mafungu mawili

SELECT owner, db_link, username, host FROM dba_db_links ORDER BY owner;

Kumbuka stendibai ni nakala ya praimari, kwa hiyo kila linki iliyopo praimari ipo na huku, hata zile za kuandikia ambazo hukuwahi kuzifikiria kwa ajili ya ripoti. Kaa na hiyo orodha na kalamu. Kila linki jiulize ile akaunti ya kwenye safu ya USERNAME upande wa pili ina uwezo gani. Usikisie, nenda kule kwenye databesi ya pili uangalie DBA_TAB_PRIVS, DBA_SYS_PRIVS na DBA_ROLE_PRIVS za hiyo akaunti. Mara nyingi utakuta linki inaitwa kitu cha upole kabisa kama RIPOTI_LINK alafu ndani inaingia kwa akaunti yenye skima, yani mwenye mali mwenyewe, anayeweza hata kudondosha majedwali.

Zenye OWNER ya PUBLIC ziandike kwa wino mwekundu. Linki ya PUBLIC inatumika na yeyote anayeweza kuingia kwenye databesi, na stendibai ya ripoti ndo mahali ambapo tunapenda kuwapa watu wengi akaunti kwa sababu "si ni kusoma tu".

Hatua ya 3: usalama wa kweli uweke upande wa pili

Hapa ndo penye uzito kuliko hatua zote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kama stendibai haiwezi kukuzuia kuandika kule, basi anayeweza kukuzuia ni kule kwenyewe. Tengeneza akaunti mpya kwenye databesi ya pili, ya kazi hii moja tu, isiyo na mali yoyote:

CREATE USER ripoti_linki IDENTIFIED BY "paswedi_ndefu_hapa";
GRANT CREATE SESSION TO ripoti_linki;
GRANT READ ON malipo.miamala TO ripoti_linki;

Umeona nimetumia READ sio SELECT. Hii READ ilikuja 12.1.0.2 na watu wengi bado hawaijui. Mwenye SELECT hawezi kubadilisha data ni kweli, lakini anaweza kufanya SELECT ... FOR UPDATE na anaweza kufanya LOCK TABLE, yani mtu wa ripoti akiwa kwenye stendibai yako anaweza kufunga jedwali la malipo la databesi nyingine na wateja wakabaki wanasubiri huku kila mtu anasema "mbona sisi tunasoma tu". READ inaondoa hizo mbili. Kama databesi ya pili ni ya zamani kuliko hapo, weka viyuu (kwerii iliyohifadhiwa inayosomwa kama jedwali) katikati umpe SELECT kwenye viyuu yenye GROUP BY au DISTINCT, FOR UPDATE haipiti humo.

Kuwa mwangalifu na EXECUTE. Prosija ikiandikwa kwa mtindo wa kawaida inakimbia kwa ruhusa za mwenye nayo, sio za anayeiita, kwa hiyo akaunti yako safi isiyo na INSERT hata moja ikipewa EXECUTE kwenye prosija inayoandika, basi imeandika. Na zile zilizopewa PUBLIC nazo zihesabu.

Paswedi: ikibadilishwa upande wa pili bila kubadilishwa kwenye linki, kila ripoti itagonga kule na ORA-01017 (paswedi sio sahihi), na profaili ya DEFAULT inafunga akaunti baada ya kukosea mara 10, kwa hiyo ndani ya dakika chache unahama kutoka ORA-01017 kwenda ORA-28000 (akaunti imefungwa). Kama mko kwenye 19.12 au juu yake tumieni PASSWORD_ROLLOVER_TIME kwenye profaili, paswedi ya zamani na mpya zinakubalika zote kwa muda mnaoutaja, mnapata nafasi ya kurekebisha linki bila presha.

Hatua ya 4: linki inatengenezwa praimari

Ukijaribu CREATE DATABASE LINK kwenye stendibai utapata ORA-16000, maana hiyo ni DDL (amri ya kuunda au kubadilisha vitu vya databesi) na inaandika kwenye kamusi ya databesi. Itengeneze praimari, redo itaileta yenyewe. Vivyo hivyo kubadilisha paswedi ya linki, ALTER DATABASE LINK inafanyika praimari.

Ingia praimari kama mwenye linki mwenyewe, sio kama SYS. Linki binafsi huwezi kumtengenezea mtu mwingine, na ukiandika CREATE DATABASE LINK ripoti.malipo_ro ukidhani "ripoti" ni skima, Oracle inachukua yote kama jina lenye nukta ndani yake na kuiweka kwenye skima yako wewe, hakuna kosa linalotokea, unabaki kushangaa kwa nini mwenzako haioni.

CREATE DATABASE LINK malipo_ro
CONNECT TO ripoti_linki IDENTIFIED BY "paswedi_ndefu_hapa"
USING '(DESCRIPTION=(CONNECT_TIMEOUT=10)(ADDRESS=(PROTOCOL=TCP)(HOST=malipo-db.example.com)(PORT=1521))(CONNECT_DATA=(SERVICE_NAME=malipo_ripoti)))';

Nimeandika anwani nzima ndani ya USING badala ya jina fupi la tnsnames. Sababu ni kwamba tnsnames.ora ni faili la seva, haisafiri na redo. Jina fupi linafanya kazi praimari vizuri, unafika stendibai unapata ORA-12154 (jina halijulikani), au mbaya zaidi, jina lipo lakini linaelekea kwingine kwa sababu mtu aliwahi kuhariri lile faili miaka miwili iliyopita. Kwa linki za kusoma mimi naweka anwani nzima siku zote.

Faiawoli nayo haisafiri na redo. Praimari imefunguliwa njia ya kwenda poti 1521 ya kule, stendibai je? Omba mapema, na uombe kwa anwani ya stendibai peke yake ili iwe inajulikana, utakuja kuona faida yake hatua ya 9.

Kama GLOBAL_NAMES ni TRUE jina la linki lazima lilingane na jina la kimataifa la databesi ya kule, la sivyo ORA-02085. Na kama unataka linki ya kutoka stendibai kwenda kwa praimari yake yenyewe, mfano kuandika logi ya nani kaendesha ripoti gani, kumbuka hizi mbili ni pacha, jina lao la kimataifa ni moja, kwa hiyo ukiipa linki jina hilohilo utaambiwa ORA-02082. Ongeza kiambatisho baada ya alama ya @, kama MAUZO.EXAMPLE.COM@kuu, inakubali. Lakini jiulize pia siku mkibadilishana zamu, stendibai ikawa praimari na praimari ikawa stendibai, hiyo linki itakuwa inaelekea wapi.

Hatua ya 5: namna ya kuitumia ndani ya sesheni

Hii ndo sheria ambayo nimewaona wataalamu wazuri kabisa wanaivunja kwa kutokuijua: kwenye databesi ya kusoma tu, transaksheni (kundi la amri linalofungwa kwa pamoja) ikishagusa linki moja, lazima uifunge kwa COMMIT au ROLLBACK kabla hujagusa linki ya pili. Hata kama kwenye ile ya kwanza ulifanya SELECT tupu. Hata kama transaksheni uliitangaza kuwa ya kusoma tu. Wengi wanashangaa, SELECT inahitaji COMMIT ya nini? Kwenye Oracle SELECT inayopita kwenye linki inafungua transaksheni, ndivyo ilivyo hata praimari, sasa ikiingia linki ya pili databesi inatakiwa iwe mratibu wa pande zote na kuandika kumbukumbu zake, na stendibai haina pa kuandika.

Kwa hiyo mtiririko ni huu:

SET TRANSACTION READ ONLY;
SELECT COUNT(*), SUM(kiasi) FROM malipo.miamala@malipo_ro WHERE tarehe >= TRUNC(SYSDATE);
COMMIT;
ALTER SESSION CLOSE DATABASE LINK malipo_ro;

SET TRANSACTION lazima iwe ya kwanza kabisa kwenye transaksheni, ukichelewa ni ORA-01453. Faida yake ni mbili, kwerii zako zote za humo zinaona picha ya wakati mmoja, na mtu akijisahau akaandika DML ndani yake inakataliwa na ORA-01456. Ila isichukuliwe kama kufuli, ni mkanda wa gari, kufuli ni ile akaunti ya hatua ya 3. Na ukijaribu kufunga linki kabla ya COMMIT utapata ORA-02080, linki bado inatumika.

Kama ripoti inahitaji data za databesi mbili za mbali kwa pamoja, usiandike kwerii moja inayounganisha linki mbili ukiwa kwenye stendibai. Njia ninayoipenda ni kwenda kwenye moja ya zile databesi mbili, ambayo ni ya kawaida ya kuandikika, na kutengeneza viyuu huko inayovuta kutoka ile nyingine, alafu stendibai yako inasoma viyuu hiyo kwa linki moja tu. Ikishindikana, vuta ya kwanza, COMMIT, vuta ya pili, ziunganishe kwenye programu.

Ukitaka kuona kinachoendelea kwenye sesheni yako:

SELECT db_link, in_transaction, update_sent FROM v$dblink;

Hii safu ya UPDATE_SENT naomba uizoee. Ukiona YES maana yake kuna kitu kimeandikwa upande wa pili kwa linki hiyo. Nilivyokuwa nafuatilia lile tukio la uhasibu nilimwomba mwenzangu aendeshe prosija ileile kwenye mazingira ya majaribio, kipande kwa kipande, huku naangalia v$dblink baada ya kila kipande, ikakaa NO, NO, NO, tulipofika kipande cha mwisho ikageuka YES, na hapo ndo tulipopata mstari wenyewe, INSERT moja imejificha ndani ya prosija ndogo inayoitwa na prosija nyingine. Ila v$dblink inakuonyesha sesheni yako tu, usitegemee kuona za wengine humo.

Idadi ya linki zinazofunguliwa kwa sesheni moja ni 4 usipobadilisha OPEN_LINKS, ukizidi ni ORA-02020. Wengi wanakimbilia kuongeza namba. Mimi nasema funga zile ulizomaliza nazo kwanza, maana programu zenye bwawa la miunganisho huwa zinaacha linki wazi siku nzima, kila moja ni sesheni inayokaa bure kwenye databesi ya mwenzako.

Hatua ya 6: prosija za mbali

Kwenye databesi ya kusoma tu huwezi kukompaili prosija wala kuirudia kuikompaili. Sasa prosija yako ya hapa inaita ya kule, wenyewe wa kule wakiikompaili upya saa yake inabadilika, kwa mpangilio wa kawaida ambao ni TIMESTAMP prosija yako inahesabika imepitwa na wakati na unaletewa ORA-04062, na stendibai haiwezi kujirekebisha. Weka hivi kwenye sesheni:

ALTER SESSION SET REMOTE_DEPENDENCIES_MODE = SIGNATURE;

Hapo itajali umbo la vigezo, sio saa ya kukompaili. Jambo la pili, prosija ya mbali ambayo haijawahi kuitwa kutoka databesi yako haiitiki kwa mara ya kwanza ukiwa kwenye kusoma tu, hata kama yenyewe inasoma tu. Iite mara moja praimari, au ifunge ndani ya prosija iliyohifadhiwa, alafu ndo uende stendibai.

Hatua ya 7: umri wa data

Stendibai inaweza kuwa nyuma ya praimari, linki inakuletea data ya sasa hivi. Ukiziunganisha unapata picha ambayo haijawahi kuwepo, muamala upo kwenye malipo lakini oda yake haipo, na mtu wa ukaguzi anaandika barua. Kabla ya ripoti yoyote ya kulinganisha angalia:

SELECT name, value, time_computed FROM v$dataguard_stats WHERE name = 'apply lag';

Alafu weka kikomo: ALTER SESSION SET STANDBY_MAX_DATA_DELAY = 30; maana yake ikichelewa zaidi ya sekunde 30 kwerii inakataa na ORA-03172, na kwa ripoti za hela mimi nachukua kukataliwa kuliko namba ya uongo. Usiijaribie ukiwa SYS, yeye haguswi na hicho kikomo, utadhani haifanyi kazi. Na ukipunguza dirisha la ripoti liishie saa moja nyuma, mfano miamala ya mpaka saa 5 ukiwa saa 6, tatizo kubwa linaisha lenyewe.

Hatua ya 8: siku mnabadilishana zamu

Kuna wenye linki ya kutoka nje inayokuja kusoma stendibai yako, na mara nyingi wameandika anwani ya seva moja kwa moja. Siku mkifanya switchover seva ileile inakuwa praimari, na linki iliyoitwa "ya stendibai" sasa imeingia kwenye databesi inayoandikika, kwenye wateja. Ulinzi wa ORA-16000 waliokuwa wanauegemea umeyeyuka usiku bila mtu kuambiwa. Dawa ni servisi inayofuata wadhifa:

srvctl add service -db mauzo_b -service mauzo_ripoti -role PHYSICAL_STANDBY

Ifanye kwa pande zote mbili, na iwashe mara moja kwanza ukiwa praimari ili maelezo yake yaingie kwenye kamusi na kufika stendibai kwa redo, kisha izime. Linki ya nje ikitaja seva zote mbili kwenye ADDRESS_LIST na SERVICE_NAME ni mauzo_ripoti, itaingia pale ambapo stendibai ipo kwa siku hiyo. Kama hakuna stendibai hai basi inagoma.

Prosija zinazoandika kwa linki nazo zipe swali la kujiuliza mlangoni:

IF SYS_CONTEXT('USERENV','DATABASE_ROLE') <> 'PRIMARY' THEN
RAISE_APPLICATION_ERROR(-20010, 'Kazi hii inafanyika praimari tu');
END IF;

Mistari mitatu. Ingekuwepo kwenye ile prosija ya kufunga mwezi, yule mama asingekesha na sisi.

Hatua ya 9: kabla ya kuifungua kama snapshot standby

Ukimaliza ALTER DATABASE CONVERT TO SNAPSHOT STANDBY usiwape watu databesi hapohapo. Izime, kisha ifungue kwa STARTUP RESTRICT, ukiwa peke yako, alafu dondosha linki zote za kuandikia ulizozitenga hatua ya 2. Usiogope. Databesi inaandikika kwa hiyo DROP inakubali, praimari haiguswi, na mkija kuirudisha kuwa stendibai ya kawaida kila ulichokifuta kinarudi chenyewe maana yote ya katikati yanatupwa. Za PUBLIC unazidondosha kwa DROP PUBLIC DATABASE LINK. Za binafsi lazima aidondoshe mwenyewe, kama huna paswedi yake tengeneza prosija ndogo ndani ya skima yake yenye EXECUTE IMMEDIATE 'DROP DATABASE LINK ...' uiendeshe. Hakikisha tena kwa dba_db_links, ndo uwaruhusu watu.

Kuna wanaotumia ujanja wa tnsnames, linki za kuandikia wanaziwekea jina fupi alafu kwenye seva ya stendibai hilo jina linaelekea databesi ya majaribio. Inafanya kazi, lakini siku ya janga lenyewe, praimari imeungua na stendibai ndo inachukua kazi, utakuwa unatuma malipo ya wateja kwenye databesi ya majaribio mpaka mtu akumbuke lile faili. Siipendi.

Ninachokipenda ni wenye databesi ya pili wajilinde na wao. Waweke triga ya kuingia (programu inayojiendesha mtu anapoingia) kwa ile akaunti ya kuandikia, ikague SYS_CONTEXT('USERENV','IP_ADDRESS'), na anwani ya stendibai isiwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa mpaka itangazwe rasmi kuwa praimari, na hiyo hatua iandikwe kwenye karatasi ya switchover, mstari wake peke yake na jina la atakayeifanya. Usiwaambie watumie DBLINK_INFO kutofautisha, ile inaleta jina la kimataifa la databesi ilikotoka linki, na hizi ni pacha, jina ni moja. Anwani ya seva ndo inayowatenganisha.

Baada ya hapo jaribu mwenyewe. Ukiwa kwenye snapshot standby, kabla ya kufungulia watu, andika INSERT moja ya makusudi kupitia kila jina la linki uliyoidondosha. Unataka kuona ORA-02019, kwamba linki haipatikani, kwa kila moja, mpaka ya mwisho.